Barua kwa mwanangu kuhusu Impreza ya Mwanza

Mwanangu,

Marahaba. Salamu zako zimetufikia pamoja na sangara, na mama yako anakushukuru, ingawa amenisisitiza nikuandikie kwamba safari ijayo uwatie chumvi zaidi kabla ya kuwakabidhi watu wa basi.

Umeniuliza jambo moja tu: mwenzako kazini anauza Subaru Impreza WRX ya mwaka 2004, yenye giaboksi ya mkono, kwa shilingi milioni 11, nawe unataka kujua kama bei hiyo ni ya haki. Swali hilo nimelala nalo siku nne. Kuhusu bei sina maneno mengi. Muuzaji yeyote huanzia juu, na wewe ni hodari wa kupatana kuliko mimi. Lakini bei ndiyo jambo dogo kuliko yote katika gari la aina hii, kwa sababu gari hununuliwa kila mwezi. Siku unayokabidhiwa ufunguo unatoa malipo ya kwanza tu. Kaka yako husema neno hilo nimelirudia mno, lakini hajawahi kunionyesha daftari linalolikanusha.

Na najua kwa nini unalitaka gari hilo. Wewe ndiye uliyekuwa ukikaa kiti cha mbele katika Impreza yetu ya buluu, ukiutambua mngurumo wake tangu ninapokata kona ya kuingia kwetu Ipuli, hapa Tabora, na kumwambia mama yako aanze kupakua ugali. Mngurumo ule hutokana na mabomba ya eksozi ya injini ile, ambayo hayalingani urefu upande huu na upande ule, hivyo moshi wa silinda haufiki kwa mpigo mmoja. Nakueleza hayo ili ujue kwamba unachokipenda kina sababu ya kiufundi, na sababu hiyo ina gharama.

Injini ya WRX ina silinda nne zilizolala, mbili kila upande, na juu yake kuna tabo, ile feni inayosukumwa na moshi wa eksozi ili kuisindilia injini hewa. Tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachoiokoa isiungue ni oili, pamoja na maji ya kupoza injini. Oili ya gari hilo utaimwaga kila kilomita 5,000, wala si 10,000 kama majirani wanavyofanya kwa magari yao, na kijiti cha oili utakichomoa kila Jumamosi bila kuambiwa na mtu, kwa kuwa injini hizo zikipungukiwa oili beringi za konrodi huliwa upesi, na injini ikishanoki, yaani ikianza kugonga ndani, hakuna fundi wa kuinyamazisha kwa bei nafuu. Ukitoka safari ndefu, usizime papo hapo. Iache iungurume taratibu kwa dakika moja. Plagi zake zimejificha ubavuni, kwa hiyo fundi atadai zaidi, na atakuwa na haki. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kwenye kilomita 100,000 pamoja na tenshena na wota pampu, kwa sababu pampu inazungushwa na mkanda huohuo na ni upuuzi kufungua mara mbili; ukikatika njiani, valvu hugongana na pistoni. Mimi niliubadilisha mwaka 2015 kwa shilingi 420,000, vipuri vikitoka Gerezani, Dar es Salaam. Petroli, kwa daftari langu la kijani, lilikunywa lita moja kwa kilomita 8. Bima na mengineyo unayajua.

Hayo yote niliyafanya, kila kitu kwa wakati wake, na nimeyaandika kwa tarehe. Ndiyo maana lile la matairi linaniuma hadi leo.

Mwezi Julai 2016 tairi moja la nyuma lilipasuliwa na jiwe nikirudi kutoka Sikonge, na la pili lilikuwa limeota uvimbe ubavuni. Ya mbele yalikuwa yamebakiza kashata, ile miinuko ya mpira inayokanyaga barabara, ya milimita 3 hivi. Fundi wa gereji niliyoizoea alinishauri ninunue mawili tu, akasema ya mbele bado yana maisha. Mawili yaligharimu shilingi 360,000, yote manne yangekuwa 720,000. Mama yako alikuwa amesimama pale chini ya mwembe na mkoba wake, akasema kwa sauti ya chini kwamba katika pesa ya mabati ya chumba cha nyuma anaweza kunikopesha nusu iliyobaki, nimrudishie mpunga ukiuzwa. Nikakataa. Nilimwambia pesa ya mabati haiguswi, na nilijiona nimesema jambo la kiume na la busara.

Sasa nikueleze nilichokifanya. Gari hilo husukuma kwa magurudumu yote manne wakati wote, na ndani ya giaboksi kuna difu ya tatu inayogawa nguvu ya mbele na ya nyuma. Ndani yake mna kikombe chenye sahani nyembamba nyingi zilizoloweshwa katika mafuta mazito ya silikoni. Magurudumu ya mbele na ya nyuma yakizunguka sawa, sahani hizo hutulia. Yakitofautiana, sahani husuguana na yale mafuta, nayo hupata moto na kuzidi kukaza. Limetengenezwa hivyo kwa ajili ya tope na utelezi, kwa dakika chache. Halikutengenezwa lisuguane kutoka Tabora hadi Nzega na kurudi, mara mbili kila wiki, kama nilivyolipeleka miezi mitatu ile nikihangaikia mpunga.

Ilipofika Oktoba, nikikata kona kali ndani ya ua gari lilijikaza na kurukaruka kana kwamba mtu ameshika hendibreki. Fundi yule alisema ni boljointi, tukabadilisha boljointi. Akasema ni shokapu. Usiku mmoja nikachukua futikamba ya cherehani ya mama yako, nikatoka na taa, nikazungushia kila tairi. Ya nyuma yalikuwa na mzingo wa sentimita 196. Ya mbele yalikuwa 193 na milimita 2. Tofauti ya milimita 28, wakati gari lile halitaki tofauti izidi milimita 6 hivi. Nilikaa chini palepale mchangani nikapiga hesabu: katika kila kilomita moja magurudumu ya mbele yalikuwa yakilazimika kufidia mita 14, na kufika Nzega yalikuwa yamefidia zaidi ya kilomita moja na nusu, yote ikisagwa ndani ya kikombe kile.

Mwanangu, mimi nilifanya kazi karakana ya reli miaka 31. Kazi yangu, kabla ya kuwa msimamizi, ilikuwa kupima vipenyo vya magurudumu. Gurudumu moja la treni likiliwa kuliko mwenzake katika ekseli ileile, halitibiwi peke yake. Ekseli nzima hupelekwa kwenye mashine, yote mawili yachongwe yalingane, la sivyo ukingo wake utaanza kula reli. Vijana waliokuja kujifunza kwangu niliwafundisha hivyo siku ya kwanza. Na mimi huyohuyo nilisimama gerejini nikaruhusu gari langu livishwe matairi yasiyolingana. Simlaumu fundi sana. Yeye hakujua, mimi nilijua.

Giaboksi ya mtumba, nauli yake ya basi kutoka Dar es Salaam na ufundi vilifika shilingi 1,450,000, na bado nikanunua yale matairi mawili niliyoyakataa. Pesa ya mabati ilikwenda yote. Uliporudi likizo Desemba uliuliza kwa nini chumba cha nyuma kimefunikwa turubai na mvua zimeshaanza, tukakujibu kwamba bati zimeadimika mjini. Haikuwa kweli. Bati zilijaa madukani. Mama yako ndiye aliyetunga jibu lile, kwa heshima yangu, na hajalitaja tena hata siku tuliyogombana kwa mambo mengine. Nimeona leo nikuambie mwenyewe.

Je, basi lilikuwa gari baya? Nimejiuliza hilo mara nyingi, na kila nikitaka kujibu ndiyo, naukumbuka usiku wa Februari 2015, bibi yako alipozidiwa kule Ulyankulu. Wewe ulikuwa shuleni. Hadithi umesimuliwa, lakini hukuiona barabara. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, tope limekuwa kama sabuni, na tulipita lori mbili zimelala pembeni. Nilikuwa na kaka yako mbele na bibi amelazwa nyuma kichwa chake mapajani kwa mama yako. Gari lile liko chini, tumbo lake lilikwaruza mara nyingi, lakini halikusimama hata mahali pamoja. Ukikanyaga mafuta taratibu unalisikia likitafuta tairi lenye mshiko, likilipata, likitambaa. Tuliingia hospitali ya Kitete kabla ya alfajiri. Bibi yako aliishi miaka mingine minne, akamwona mtoto wa kaka yako. Kikombe kile cha sahani, ambacho baadaye nilikiua kwa shilingi 360,000, ndicho kilichofanya kazi usiku ule.

Kwa hiyo siwezi kusema ni gari baya. Wala siwezi kusema Corolla ingetosha, ingawa Corolla ingenisamehe: ungeweka mawili mapya mbele na mawili yaliyochakaa nyuma, nayo ingekwenda Nzega hadi leo. Lakini tena, mtu anaponunua gari hanunulii usiku mmoja wa mvua. Hununulia siku zote zile nyingine za kwenda kazini na sokoni, na siku hizo ndizo zinazolipiwa, kwani gari hununuliwa kila mwezi. Halafu narudi tena kwa bibi yako, na hesabu yangu inavurugika.

Kaka yako, aliyebandika ukutani picha ya gazeti ya Impreza ya dereva Colin McRae iliyoshinda mbio za Safari Rally mwaka 1997, atakuambia ununue bila kuuliza. Mkumbushe kwamba magari yale yalifuatwa na mafundi njia nzima, wakiwa na matairi kwa seti. Wewe utakuwa na mshahara wako na fundi mmoja wa Mwanza ambaye hujampata bado. Ukinunua, weka kando shilingi 150,000 kila mwezi, gari likiwa zima au bovu. Mwezi usioweza kuziweka, panda daladala. Na likihitaji matairi, ununue manne ya aina moja na saizi moja siku moja. Huna pesa ya manne, lisitembee.

Mara mbili katika barua hii nimeandika neno moja la kukujibu, na mara mbili nimelikata; ukiiinua karatasi kwenye mwanga pengine utalisoma. Una kazi yako na umri wako, na mimi nilishauamua mwaka wangu wa 2016. Mama yako, niliyemsomea yote haya, amesema nikuachie. Nakuachia, kwa shingo upande.

Ila kabla hujamlipa mtu, fanya jambo hili. Liendeshe kwanza hadi lipate moto, kisha tafuta uwanja mgumu usio na mchanga, kata usukani hadi mwisho kulia, ulizungushe gari polepole, halafu kushoto. Likijikaza au kurukaruka, mrudishie ufunguo wake kwa adabu, uondoke. Lisipojikaza, azima futikamba kwa fundi cherehani, hakikisha upepo uko sawa kwenye matairi yote, uzungushie moja moja katikati ya kashata. Usiipokee namba kwa mdomo wa muuzaji. Shika futi mwenyewe. Andika namba zote nne, la mbele kulia, la mbele kushoto, la nyuma kulia, la nyuma kushoto, unitumie jioni hiyohiyo. Daftari la kijani nimelitoa kabatini, liko hapa mezani, na nimekwisha kupiga mistari ya kuziandikia.

Baba yako