Kompyuta ya kamera ikilemewa, ipunguzie kazi kabla ya kuibadilisha

Ndugu na majirani wanaoniita kuangalia kompyuta zinazorekodi kamera zao za ulinzi wana malalamiko yanayofanana. Feni inavuma mchana kutwa, picha zinakwama, na ukirudisha video ya usiku unamwona mtu getini, kisha ghafla yuko mlangoni. Hatua za katikati hazipo. Mara nyingi fundi aliyetangulia ameshatoa hukumu kwamba mashine imechoka na inunuliwe nyingine. Mimi huwaomba wasubiri kwanza. Kwa niliyoyaona, mashine nyingi za aina hii zina nguvu ya kutosha, ila zimebebeshwa kazi ambayo hakuna anayeihitaji.

Yangu hapa Tabata, Dar es Salaam, ni kompyuta ya HP ProDesk ya mtumba kutoka Kariakoo, yenye prosesa ya Core i5-6500, toleo la 2015. Inahudumia kamera sita. Programu ya kurekodi ilipokuwa na mipangilio yake ya mwanzo, prosesa ilikaa juu ya asilimia 90 saa zote. Leo haifiki 20, na prosesa ni ile ile.

Tuanze na kazi yenyewe, maana ukishaielewa utajua pa kukata. Kamera ya megapikseli 4 hutoa picha ya pikseli 2560 kwa 1440, yaani karibu pikseli milioni 3.7. Ikituma fremu 25 kwa sekunde, yaani picha 25 zinazofuatana, ni pikseli milioni 92 kila sekunde. Kamera sita zinapita milioni 550. Kwenye waya, video hiyo husafiri ikiwa imebanwa kwa H.264 au H.265, ambazo ni kodeki, yaani njia za kupunguza ukubwa wa video, na katika hali hiyo ni nyepesi kabisa: kamera sita za Mbps 4 kila moja zinaleta MB 3 tu kwa sekunde, kiasi ambacho hata diski kongwe inakimeza. Mzigo unaanza pale programu inapoifungua video ili itazame ndani kama kuna kitu kinachotembea. Ni kama karani wa masjala anayefungua kila bahasha na kusoma barua yote, wakati kazi yake ilikuwa kuzipanga kwenye rafu.

Na programu nyingi zikiachwa zilivyo hufanya zaidi ya hapo. Zinafungua video, zinabandika saa na jina la kamera juu ya picha, kisha zinaibana upya kabla ya kuihifadhi. Kubana ni kuzito kuliko kufungua. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalofanya kwenye mashine ya mtu ni kuzima ubanaji huo. Katika Blue Iris, programu ya kulipia inayotumia Windows, mpangilio unaitwa Direct-to-disc: video inaandikwa kwenye diski kama ilivyotoka kwenye kamera. Frigate, ambayo ni ya bure na wengi huiendesha kwenye Linux, mfumo endeshi wa bure, inarekodi hivyo tangu mwanzo. Kwa kuwa programu haibandiki tena saa juu ya picha, washa maandishi ya saa ndani ya kamera yenyewe.

Jambo la pili ndilo lenye faida kubwa kuliko yote, na ndilo ninalokuta limesahauliwa karibu kila nyumba. Kamera nyingi za IP, zile zinazotuma video kwa mtandao, hutoa mikondo miwili ya video kwa wakati mmoja, mkubwa na mdogo. Mkubwa uache uende moja kwa moja kwenye diski bila kufunguliwa, na mdogo ndio programu iufungue kutafuta mwendo. Mkondo mdogo wa pikseli 640 kwa 360 una pikseli pungufu mara 16 kuliko ule wa 2560 kwa 1440. Ukiushusha pia kutoka fremu 25 hadi 10, umepunguza kazi mara 40. Mtu anayevuka ua anaonekana vizuri tu kwa kiwango hicho. Ukitaka kumtambua sura, unarudi kwenye rekodi kubwa, ambayo ipo kamili.

Blue Iris ina sehemu ya kuandika anwani ya mkondo mdogo kwenye mipangilio ya kila kamera. Frigate unaiandikia mikondo yote miwili kwenye faili la mipangilio, mmoja unaupa kazi ya detect (kutambua) na mwingine record (kurekodi), na kwa kutambua vitu inashauri fremu 5 kwa sekunde. Hapa kuna mtego mmoja wa kuangalia. Kamera nyingi hutoka dukani mkondo mdogo ukiwa 704 kwa 576, umbo linalokaribia mraba, wakati mkubwa ni mpana. Maeneo ya mwendo, yaani sehemu za picha ulizochora ili programu izichunguze, kwenye picha moja hayatalingana na nyingine, na watu wataonekana wamevutwa. Chagua umbo linalolingana na la mkubwa.

Ukiwa ndani ya kamera, rekebisha na umbali kati ya fremu kamili, zile zinazobeba picha nzima, ule mpangilio unaoitwa I-frame interval. Ulinganishe na idadi ya fremu kwa sekunde: kamera ya fremu 15, weka 15, ili kila sekunde iwe na fremu moja iliyojitosheleza. Umbali ukiwa mkubwa, programu inachelewa kuanza kurekodi tukio, na wewe ukirudisha video nyuma inaganda. Kwa sababu hiyo hiyo huzima zile kodeki zenye alama ya kujumlisha, H.264+ na H.265+, kwa kuwa hubadilisha umbali huo zenyewe. Zinaokoa nafasi, sikatai, ila zinaisumbua programu ya kompyuta.

Idadi ya fremu nayo ipunguze. Fremu 12 au 15 zinatosha kabisa kwa nyumba. Kinachomtambulisha mtu ni mwanga, pembe ya kamera na pikseli zilizoangukia usoni mwake. Fremu 25 za uso ulio gizani hazitakusaidia kituo cha polisi.

Baada ya hapo ndipo ninapogusa chipu ya video. Prosesa nyingi za Intel tangu 2011 zina sehemu maalumu ya kufungua video, Quick Sync, na kuanzia kizazi cha sita, kama i5-6500 yangu, inafungua H.265 ya kawaida pia. Iwashe kwenye programu, kisha fungua Task Manager ya Windows uangalie kama grafu ya GPU, yaani chipu hiyo ya video, upande wa kufungua video, imeanza kusogea. Isiposogea, haifanyi kazi hata kama umeweka tiki. Mtu anayetaka kununua mashine ya mtumba asome jina la prosesa hadi herufi ya mwisho: zinazoishia na F, mfano i5-9400F, hazina sehemu hiyo. Xeon E5, prosesa za Intel za seva na mashine za kazi nzito, pia hazina, na ndizo zinazojaa kwenye zile kompyuta kubwa za ofisini zinazouzwa kwa bei ya kuvutia.

Kuhusu hizo kubwa, piga hesabu ya umeme kabla ya bei. Mashine inayokula wati 40 ikiwaka usiku na mchana kwa siku 30 inatumia uniti karibu 29. Inayokula wati 120 inatumia uniti 86. Tarifa ya matumizi madogo ya TANESCO ina kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, kwa hiyo kompyuta hiyo peke yake inakutoa kwenye kundi hilo kabla hujawasha friji. Kwa kazi hii ningechukua ki-ProDesk, OptiPlex au ThinkCentre kidogo cha i5, nikaiacha Xeon kwa mtu mwenye kazi nyingine nayo.

RAM ya GB 8 inatosha kwa kamera chache, lakini iwe vijiti viwili vya GB 4 badala ya kimoja cha 8. Chipu ya video iliyo ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake, inaazima RAM, na vijiti viwili vinafungua njia mbili za kupitisha data. Ni badiliko la bei ndogo, na watu wanalipuuza mno.

Halafu kuna tabia ya kuacha skrini ikionyesha kamera zote siku nzima sebuleni. Kila picha unayoiona pale inafunguliwa na kuchorwa upya muda wote. Iendeshe programu chinichini kama huduma ya Windows, ufunge dirisha lake, na utaona prosesa ikishuka papo hapo. Kwenye simu pia tazama mkondo mdogo. Katika programu kama Blue Iris, kila simu inayofungua picha kubwa inailazimisha kompyuta kubana video upya kwa ajili yake.

Sasa maeneo ya mwendo, ambayo nayakazania kuliko mafundi wengi. Mwembe uani kwangu ukipigwa na upepo wa kusi unaweza kuamsha programu usiku kucha, na kila mara ikiamka inafungua, inachambua, inatuma taarifa kwenye simu, hadi mwenye nyumba anazima taarifa zote. Hapo kamera imebaki pambo. Futa matawi, barabara na anga kwenye eneo la kuchunguzwa, ubakize geti, njia ya miguu na milango. Dirisha la jirani lifunike kabisa ndani ya kamera lisirekodiwe. Ni heshima, na tangu 2022 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Chukua pia kitambaa laini ufute lenzi. Utando wa buibui mbele ya lenzi hung'aa kwa mwanga wa infraredi usiku, na ukitikisika programu inauona kama mtu. Nikifika kwa mtu na kukuta matukio mengi ya saa nane usiku yasiyo na chochote, naomba ngazi kabla ya kugusa kompyuta.

Kama unataka programu itofautishe mtu na paka, una njia tatu. Kamera nyingi za sasa zinafanya hivyo zenyewe na zinaweza kuipasha habari kompyuta kwa ONVIF, lugha ya pamoja ya kamera za kampuni mbalimbali, njia ambayo ndiyo nafuu zaidi kwa prosesa. Ya pili ni OpenVINO, zana ya Intel ya akili bandia, ndani ya Frigate, inayotumia chipu ya video ya Intel kuanzia kizazi cha sita. Ya tatu ni kuchomeka kwenye USB kifaa kama Google Coral, chipu ya pembeni ya kutambua vitu. Anza na ya kwanza.

Diski zigawanye: Windows au Linux pamoja na kumbukumbu za programu zikae kwenye SSD ndogo, diski isiyozunguka, na video ziende kwenye diski kubwa ya kuzunguka. Zile MB 3 kwa sekunde ni GB 259 kwa siku, hivyo TB 4 inakupa kama siku 15. Kwa mwaka ni karibu TB 95 zinazoandikwa. Seagate BarraCuda ya mezani imetengenezwa kwa kazi ya TB 55 kwa mwaka. WD Purple, ya kamera, kwa TB 180. Hapo usibane matumizi. Kisha iambie Microsoft Defender, kinga ya virusi ya Windows, isikague folda ya video, la sivyo kila faili linaloandikwa litasomwa tena. Na iambie programu ifute za zamani mapema, kabla diski haijajaa hadi juu.

Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta iwake yenyewe. Mpangilio huo uko kwenye BIOS, ile menyu ya kompyuta inayofunguka kabla ya Windows, sehemu inayohusu kurudi kwa umeme. Zima usingizi wa mashine. Kama una UPS, betri ya akiba ya umeme, chomeka na swichi ya kamera humo humo, maana kompyuta iliyo hai na kamera zilizozimika haikusaidii. Mashine za mtumba nyingi zina betri ya CR2032 iliyokufa kwenye ubao mama. Mashine ikizimika, saa inapotea, na rekodi za wizi zinakuja na tarehe ya miaka iliyopita. Badilisha betri hiyo siku ya kwanza. Vumbi nalo lipulizwe kila baada ya miezi michache, hasa kwa joto letu la pwani. Prosesa za Intel zikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi zenyewe, na hapo ndipo fremu zinapodondoka.

Jambo la mwisho ni mfumo endeshi. Microsoft ilisitisha msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu. Mwenye i5-6500 kama mimi njia yake nzuri ni Debian, aina ya Linux, pamoja na Frigate. Kwa vyovyote, usifungue mlango wa ruta kwa watu wa nje (port forwarding) ili utazame kamera ukiwa mbali. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na vifaa vingi duniani kwa kujaribu nywila za kiwandani tu. Tumia WireGuard au Tailscale, zinazokuundia njia ya siri hadi mtandao wa nyumbani.

Ukimaliza yote, chomoa waya wa umeme, subiri dakika moja, rudisha, na usiguse kitu. Baadaye tafuta kwenye rekodi dakika ulizopita getini, uone kama saa ni sahihi na kama hatua zako zote zipo.