Mwasumini wa kwenye ndoo hautaki huruma

Msomaji mmoja wa Mombasa ameniandikia. Mwasumini wake uko kibarazani, ghorofa ya pili, ndani ya ndoo ya rangi ya lita 20. Umerefuka hadi umejizungusha kwenye nondo za dirisha, majani tele, lakini asumini ni mbili tatu, tena kwa kubahatisha. Anauliza atie mbolea gani.

Dada yangu, mbolea iache kwanza. Chukua mkasi.

Najua mkono utasita. Nilipoanza kupogoa wangu hapa Upanga, Dar es Salaam, jirani wa mlango wa pili alisimama akanitazama, kisha akauliza, kwa sauti ya kusikiwa na korido nzima, ni mtoto wa Pwani gani huyu anayekata asumini kama anayekatia mbuzi majani. Watu wakacheka. Nilinyamaza, ila sijasahau, na sioni sababu ya kusahau. Niliendelea kukata, kila tawi karibu theluthi ya urefu wake.

Wiki zilizofuata sina la kusimulia, ni kumwagilia na kutazama vijiti. Kisha penye ncha moja pakatoka mbili, na kila chipukizi likaja na vitumba vyake. Nikawa nachuma kisahani kizima jioni, kabla havijafunguka, maana asumini hufunguka usiku. Vikuba, vile vishada vya maua na majani ya kunukia, vya harusi ya binti wa mamangu mdogo, asumini zake zote zilitoka kwenye ndoo yangu; rehani tu ndiyo tuliyonunua. Na unadhani nani alibisha hodi kuomba kitawi cha kupanda? Nilimpa. Nilimpa vitatu, na nikamkumbusha habari ya mbuzi.

Mwasumini huchanua kwenye ncha za matawi machanga. Tawi kongwe ukiliacha, litarefuka na kukupa majani. Kwa hiyo subiri mkupuo wa maua uishe ndipo ukate. Ukikata kabla, unatupa vitumba. Anza na vikavu, na vile vijitawi dhaifu vilivyosongamana katikati, upepo upite. Matawi yenye afya kata juu kidogo ya kifundo chenye majani mawili, kwa mkasi mkali uliofutwa kwa spiriti. Mkasi butu unaponda, hauukati mti.

Halafu itazame ndoo. Ukimwaga maji yakapita moja kwa moja hadi chini, au mizizi imechungulia kwenye matundu, ujue mizizi imejaa na udongo umechoka. Mti mzima utoe, punguza mizizi ya pembeni na ya chini, urudishe na udongo mweusi mpya uliochanganywa na mchanga na samadi iliyooza. Samadi mbichi huunguza mizizi. Siku hiyo hiyo punguza na matawi, kwa sababu mizizi iliyobaki haiwezi kunywesha mti mzima. Mimi kazi hii naifanya masika yanapoanza, mwezi wa tatu mwishoni. Jua la Januari na Februari la Dar es Salaam halina msamaha kwa mti uliokatwa mizizi.

Bogenvilia nayo huchanua kwenye matawi mapya, ila yenyewe hupenda udongo ukauke kabla ya kumwagiliwa tena. Watu wanaimwagia maji asubuhi na jioni, wanaijazia mbolea ya kukuzia majani, halafu wanalalamika haina rangi. Itapata wapi? Tumezoea kutafuta dawa ya chupa kwa jambo linalotaka mkono na subira. Mti hausomi maandishi ya kwenye chupa. Kata, dada, usiuonee huruma.

Jambo jingine ni jua. Kibaraza kikipata jua kwa muda wa saa moja au mbili tu kwa siku, hata mkasi hautakusaidia. Hamishia ndoo upande unaopigwa na jua nusu siku au zaidi, hata kama itabidi mgombanie kamba ya nguo na wenzako wa ghorofani.