Ukikagua nyumba, anzia nje

Wiki iliyopita mteja wangu amepunguziwa bei ya nyumba huko Tegeta kwa sababu ya ripoti yangu ya ukaguzi. Dalali aliyeniita "fundi wa kunusanusa" mbele za watu, leo ananipigia simu kuuliza kama nina nafasi Jumamosi. Nimemjibu kwa adabu, ila sijasahau. Na tangu niweke habari ile hapa, vijana mnaotaka kazi hii ya kuwakagulia wanunuzi nyumba mnaniuliza swali moja: nianzie wapi?

Nje. Kila nyumba, hata mvua ikinyesha. Tena ikinyesha ndiyo siku yenyewe, masika haijui kuficha kitu.

Nyumba ile ilikuwa imepigwa rangi mpya, dari ya jipsamu inang'aa. Dalali akanivuta sebuleni nikaone taa. Nikamwambia atangulie yeye, nikazunguka ukuta kwa mkono wa kulia kama kawaida yangu. Chini rangi inabanduka, chumvi nyeupe inachungulia: unyevu unapanda kutoka kwenye msingi. Pembeni mwa dirisha ufa umeshuka mshazari, juu yake wamepaka puti. Chemba ya majitaka imejaa mpaka kwenye mfuniko. Hapo hata viatu sijavua!

Halafu juu. Darini nikakuta mbao zina madoa ya maji na njia za udongo za mchwa, na bati lina matundu ya misumari iliyolegea. Jipsamu mpya iliwekwa kufunika hayo yote. Vyumba navyo naviingia kwa mkono uleule wa kulia, mlango hadi mlango. Kwenye maji, funga bomba zote uitazame mita. Ikizunguka, kuna mahali panavuja. Umeme ni testa kwenye kila soketi, na uhakikishe waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, upo kweli, si tundu tupu.

Nje, paa, vyumba, maji, umeme. Usiruke ukisema utarudi, hutarudi, mwenye nyumba atakuletea soda na mazungumzo. Vijana mnapenda kupiga picha za sebule mkatume kwenye status. Andikeni kwenye daftari, palepale, kabla hamjahama chumba. Mtu anaweka akiba ya miaka mingi mikononi mwako, wewe unachezea simu?

Na malipo pokea kwa mnunuzi kabla hujapanda ngazi. Ya dalali usiguse, hata nauli.