Maswali ya wasomaji: gitaa jepesi, sauti ileile ya zamani

Ndugu wahariri, napiga gitaa kanisani hapa Jinja, na usiku wa kesha tunasimama kwa muda wa saa nne au tano. Gitaa langu ni nakala ya Les Paul, gitaa la umeme la kampuni ya Gibson. Nalipenda kwa sauti yake nene, lakini bega la kushoto limechoka. Nitapata wapi wepesi bila kuipoteza sauti hiyo?
*Msomaji, Jinja*

Ndugu yetu, pima kwanza. Panda kwenye mizani ukiwa umelibeba gitaa, kisha panda bila gitaa, utoe. Mizani ndogo ya kuning'iniza mizigo ya safari ni bora zaidi, kwa kuwa ile ya kukanyaga ikikosea kidogo tu hesabu nzima imeharibika. Gitaa likizidi kilo 4.2, ni mzigo kweli. Likiwa chini ya kilo 3.4, chunguza mkanda kabla ya kulilaumu gitaa: mkanda mwembamba wa nailoni unakata bega hata kwa gitaa jepesi. Nunua wa ngozi wenye upana wa sentimita 8 au zaidi.

Uzito wa Les Paul ni wa kuzaliwa nao. Gibson walipoitoa mwaka 1952 waliijenga kwa mahogani nene, juu yake wakabandika ubao wa mepo (maple), na mepo ngumu ina kama kilo 700 kwa mita moja ya ujazo. Tangu miaka ya 1980 Gibson wenyewe wamekuwa wakitoboa mahogani ya baadhi ya magitaa hayo kabla ya kubandika mepo, na baadaye wakatengeneza nyingine zenye vyumba vitupu ndani. Kwa nje huoni tofauti, kwa hiyo magitaa mawili yanayofanana kama mapacha yanaweza kupishana kilo nzima. Usinunue kwa picha ya simu. Muuzaji akutajie uzito.

Sasa sauti. Pikapu (kifaa cha sumaku kilicho chini ya nyuzi) haisikii mbao. Inasikia chuma cha uzi kikitikisika ndani ya eneo la sumaku yake. Unene unaoupenda unatoka hasa kwenye hambaka (pikapu ya koili mbili), mahali ilipowekwa, urefu wa uzi wa milimita 628 kati ya nati (kipande chenye mifereji ya nyuzi karibu na kichwa) na daraja (linaloshika nyuzi mwilini), potentiomita (vidhibiti vya volyumu na toni) za kilo-omu 500, kapasita ya mikrofaradi 0.022, na zaidi ya yote amplifaya na spika yake. Mwili una mchango wake, hasa katika jinsi noti inavyoanza na inavyokaa, lakini badilisha pikapu na kwaya nzima itageuka kukutazama; badilisha mbao na watakaobishana ni wapiga gitaa peke yao.

Chaguo letu la kwanza kwako ni gitaa la umbo la SG, pia la Gibson. Lilitoka mwaka 1961, lina hambaka mbili na urefu uleule wa uzi, ila mwili ni mahogani yenye unene wa kama milimita 35. Mengi yana kilo 3 hivi. Kasoro yake tunaieleza kwenye swali linalofuata.

La pili ni gitaa lenye mwili mtupu pembeni na gogo katikati, kwa mtindo wa ES-335 ya Gibson ya mwaka 1958. Tafuta lenye mwili mdogo, maana lile kubwa lina upana wa zaidi ya sentimita 40 na linauchosha mkono wa kulia. Tatizo lake hujitokeza kanisani penyewe: spika ya chini ikikuelekea kwa sauti kubwa, mwili unatikisika, nyuzi zinatikisika nao, na gitaa linaanza kuvuma. Simama pembeni ya spika, punguza besi kwenye amplifaya, na funga volyumu ya gitaa wakati wa maombi.

Ukiangukia gitaa la umbo la Telecaster (la kampuni ya Fender) lenye hambaka, pia ni zuri, ila uzi wake una urefu wa milimita 648. Nyuzi zitakuwa ngumu zaidi vidoleni na sauti itakaza kidogo. Kama ulizoea seti ya nyuzi ya 10 (namba ya unene wa uzi mwembamba kuliko yote), jaribu ya 9.

Dukani, livae gitaa kwa dakika kumi ukiwa umesimama. Mzigo mbaya hauonekani ukiwa umekaa kwenye stuli. Na kama unasafiri kwa boda, fahamu kwamba kichwa cha Les Paul na SG kimeinama nyuma na shingo ni nyembamba pale karibu na nati, ambapo pia pamechimbwa njia ya chuma cha kunyoosha shingo. Ndipo linapovunjika likianguka chali. Mfuko mwepesi wa kitambaa hautoshi. Weka sponji ngumu nyuma ya shingo ili kichwa kining'inie bila kugusa kitu.

Nilihamia kwenye gitaa la umbo la SG. Ni jepesi kweli, lakini nikiachia mkono wa kushoto kichwa kinaanguka chini. Nifanyeje?
*Msomaji, Kampala*

Mwili umekuwa mwepesi, kichwa hakikupungua. Isitoshe, kishikizo cha mkanda kiko nyuma pale shingo inapoungana na mwili, wakati pembe ndefu ya Stratocaster, gitaa jingine la Fender, inakifikisha kishikizo karibu na freti ya 12. Ndiyo maana Stratocaster inatulia.

Anza na mkanda wa ngozi ambao upande wa ndani haukulainishwa. Unashika nguo na mara nyingi unamaliza kazi, isipokuwa kwa mwenye shati la hariri. Bado kinaanguka? Badilisha vikaza nyuzi vizito vilivyofunikwa kote kwa vile vya mtindo wa zamani vyenye mgongo wazi. Seti nzima inaweza kupungua gramu 60 hadi 100, na kwa kuwa vikaza viko mwisho wa shingo, uzito huo mdogo una nguvu kubwa. Pima matundu ya kichwa kabla ya kununua. Ya mtindo wa zamani ni membamba.

Hatua ya mwisho ni kuhamisha kishikizo hadi nyuma ya pembe ya juu, mahali ambapo mbao ni nene, si pale palipochongwa mshazari. Skrubu isizidi milimita 25. Toboa kwanza kwa keekee nyembamba kuliko skrubu, paka skrubu nta au sabuni, ndipo ukaze. Anayekaza bila kutoboa anaipasua pembe. Tundu la zamani lijaze vijiti vya kuchokolea meno vyenye gundi ya mbao.

Usining'inize risasi mwishoni mwa mwili ili kusawazisha. Utakuwa umeurudisha mzigo ulioukimbia.

Fundi wangu anataka kunichongea mwili wa gitaa kwa mbao za hapa. Ipi nyepesi?
*Msomaji, Masaka*

Musizi. Mti huo unaowapa kahawa kivuli una kama kilo 450 kwa mita ya ujazo, karibu sawa na mbao ya alda inayotumika kwenye Stratocaster. Mwili wa ukubwa huo unahitaji takriban lita 4 za mbao: kwa musizi ni kilo 1.8, kwa mvule zaidi ya 2.5. Mvule ni mzuri kwa milango.

Mbao ukinunua Ndeeba, Kampala, au kwingine, usitegemee neno la muuzaji kwamba imekauka. Iweke ndani yenye hewa, ipime kila wiki, na usiichonge hadi uzito uache kushuka. Ikichongwa mbichi itajikunja na mfuko wa shingo (shimo la mwilini linaloshika shingo) utalegea. Musizi pia ni laini, skrubu hula nyuzinyuzi za mbao yake haraka. Chini ya daraja na kwenye vishikizo gundisha vipande vya mvule, na skrubu nne za shingo zipitie kwenye bamba la chuma.

Naweza kujitobolea mwili wa gitaa nililonalo ili lipungue?
*Msomaji, Mbale*

Kwenye Les Paul hapana, kwani mepo imeshabandikwa. Kwenye Stratocaster, shimo la sentimita 10 kwa 6 kwa kina cha 3.5 chini ya plastiki ya mbele linatoa kama gramu 95. Uza tu ununue jingine.