Kabla Hujavunja Zege, Uliza Kifusi Kinakwenda Wapi

Wiki hii nimepokea ujumbe wa msomaji mmoja wa Morogoro. Baada ya salamu aliandika hivi: "Dada, nimenunua kiwanja chenye pagale. Lina nguzo, jamvi (zege la sakafu ya chini) na slabu ya juu ambayo mwenyewe wa zamani aliimwaga, akaishia hapo. Vijana wa mtaani wako tayari kulivunja kwa nyundo kwa pesa kidogo. Kampuni imenitajia karibu mara tatu yake. Si zege ni zege tu? Nishauri."

Marahaba, mdogo wangu. Nitakujibu hapa hadharani kwa sababu najua hauko peke yako. Sisi sote tunaokutana hapa tunatafuta kitu kimoja: kiwanja mahali panapofikika, nyumba ya kuishi mbele, vyumba vya kupangisha nyuma, ili uzee usije kutukuta tunamtegemea mtoto atume chochote. Na viwanja vitupu mjini vimekwisha. Anayetaka kuwa karibu na lami leo ananunua pagale au nyumba mbovu, na kabla hajamwaga msingi wake lazima auondoe wa mwenzake. Kubomoa kumekuwa sehemu ya kujenga, lakini watu wanaipangia kazi hiyo bajeti ya mwisho, ile inayobaki baada ya kila kitu.

Pagale langu lilikuwa Kimara. Habari za warithi, hati na safari za ardhi nitaziruka. Nianzie siku mhandisi aliposimama chini ya ile slabu. Alikuwa mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, mtu mzima, haongei sana. Alichukua nyundo ndogo akawa anagonga zege kidogo kidogo huku ametega sikio. Mahali pengine sauti ilikuwa kavu na nzito. Mahali pengine ilitoka kama anagonga mtungi mtupu, na hapo aliweka alama ya chaki. Kisha akachomeka bisibisi kwenye ufa mmoja wa boriti, kipande cha zege chenye ukubwa wa kiganja kikadondoka, na ndani tukaiona nondo imevimba, imefanya magamba ya kutu. Akanieleza kwamba kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, kwa hiyo nondo ikishaanza kuoza inalisukuma zege kutoka ndani hadi linabanduka. Nondo za juu zilikuwa zimeachwa wazi kwa masika mengi. Maji yalikuwa yakiteremka nazo. Alisema ghorofa ya pili haiwezi kukaa pale, na kupiga plasta juu ya ugonjwa ule ni kuuficha tu. Ivunjwe.

Basi nikatafuta kampuni. Sikutafuta vijana wa mtaani, mdogo wangu, nilitafuta kampuni, na ndiyo maana bado inaniuma. Alikuja bwana mmoja amevaa vizuri, ana barua yenye nembo, muhuri na namba ya usajili, vijana wake wana fulana zenye jina. Akachukua malipo ya awali. Siku ya kazi walikuja na nyundo za kilo kumi, tindo na mitaimbo, wakapanda juu, kila mmoja akaanza pale alipoona panafaa. Hakukuwa na mrunda hata mmoja chini, yaani mti wa kuitegemeza slabu.

Lile pagale lilikuwa na balkoni upande wa barabara, imening'inia bila nguzo. Hapa nataka unisikilize kwa makini. Balkoni ya namna hiyo inashikwa na nondo zilizolazwa upande wa juu wa zege, zinazoingia ndani hadi kwenye slabu nyuma yake. Ukivunja pale inapoungana na nyumba, au ukaiondoa slabu ya nyuma inayoizuia kwa uzito wake, umekata mkono unaoishika. Anayejua kazi huitegemeza kwanza kutoka chini, halafu huanza ncha ya nje akirudi ndani. Wale walianzia kwenye maungio. Ilishuka yote kwa mpigo mmoja, ikapasua bomba la maji la jirani na kumkuta kijana mmoja mguuni. Tunamshukuru Mungu kwamba ulikuwa mguu.

Yule bwana simu yake ilizimika jioni ile ile. Pesa yangu ilikwenda naye. Niliachiwa slabu nusu inaning'inia kwa nondo, kifusi kimefunga njia, mwenyekiti wa mtaa yuko getini kwangu na majirani wananiambia usoni kwamba mwanamke akijitia ujenzi mwisho wake ni huu. Gharama za hospitali za yule kijana nililipa mimi, kwa sababu aliyempeleka pale juu hakuonekana tena. Nilipokwenda kuulizia ile namba ya usajili, ilikuwa ya kampuni nyingine kabisa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na nitaurudia: namba ya usajili usiisome kwenye barua, ipeleke kwa aliyeitoa. Hapa kwetu ni Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Wanamwandikisha mkandarasi kwa aina ya kazi na kwa daraja. Uliza jina, uliza daraja, uliza kama usajili wake uko hai mwaka huu, kisha linganisha na kitambulisho cha mtu aliyesimama mbele yako. Kwa ndugu zetu wa Kenya mahali pa kuulizia ni Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi, NCA. Ni kazi ya asubuhi moja.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mkandarasi wa pili, ambaye ndiye aliyeimaliza kazi, hakuanza kwa kuangalia zege. Alimtuma msimamizi wake, dada mmoja mdogo kuliko mimi, akapita njia nzima kutoka lami hadi kwangu na futi ya kupimia. Akapima upana wa njia kwenye kona, akatazama waya wa umeme unaokatiza juu umekaa chini kiasi gani, akauliza chemba ya jirani iko wapi isije ikapondwa na gurudumu. Swali lake la kwanza kwangu lilikuwa: "Mama, tipa litageuzia wapi, na kifusi kinakwenda wapi?" Yule bwana wa kwanza hakuwahi kulitamka neno kifusi.

Ndipo nilipojifunza bei ya kazi hii inatoka wapi. Mita moja ya ujazo ya zege lenye nondo ina uzito wa takribani tani 2.4. Chukua jamvi dogo, mita 4 kwa mita 5, unene wa sentimita 10. Hizo ni mita za ujazo 2, karibu tani 5, na lori dogo, Canter ya tani 3, haibebi hiyo kwa safari moja. Chukua sasa slabu ya mita 8 kwa 10 yenye unene wa sentimita 15: mita za ujazo 12, karibu tani 29, kabla hujahesabu boriti na nguzo. Na zege likishavunjwa linavimba kwa sababu ya mianya kati ya vipande, linaweza kujaza nafasi mara moja na nusu ya lilivyokuwa. Yote hayo lazima mtu ayapakie, ayabebe na ayamwage mahali anaporuhusiwa kuyamwaga. Vijana wanaokutajia bei ndogo wanakutajia bei ya kuvunja. Kuondoa hakumo. Siku ya mwisho watakuachia mlima, watakudai nauli ya gari, au watakwenda kumwaga usiku kwenye mtaro wa maji ya mvua, na mtaro ukiziba masika hii watakaokuja kuogelea kwenye vyumba vyao ni watoto wa jirani zako.

Kwa hiyo uliza. Kifusi kinakwenda wapi? Asiyekuwa na jibu la swali hilo hana bei, ana makisio. Cha kwangu sehemu kubwa ilikwenda kwa mtu aliyekuwa anainua kiwanja chake bondeni, na makubaliano yao niliyaona kwa maandishi kabla tipa la kwanza halijaingia. Vipande vidogo tulivibakiza uani, vimekaa chini ya njia ya gari.

Kibali nacho usikipuuze. Halmashauri yako inatoa kibali cha kubomoa kama inavyotoa cha kujenga, na serikali ya mtaa iwe na taarifa mapema. Kama kuna mita, TANESCO wakate umeme wao wenyewe, na watu wa maji wafunge bomba. Fundi asikuambie atalikunja tu.

Kazi yenyewe nilikaa nikaitazama tangu mwanzo, kwenye kiti cha plastiki ng'ambo ya njia, kwa sababu ndani ya uzio hawakuniruhusu kuingia bila kofia ngumu na buti. Nilipenda hilo. Walizungusha mabati na neti. Wakasimamisha mirunda na vyuma chini ya ile slabu iliyokuwa inaning'inia, wakavikaza kimoja kimoja. Juu walivunja kwa breka za umeme, zile mashine za kupasulia zege, kwa mistari, kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na hawakuacha kifusi kirundikane juu ya slabu, kwa sababu uzito wa kile ulichokwisha kuvunja unaweza kukuvunjia kile unachokikanyaga. Kijana mmoja kazi yake ilikuwa mpira wa maji tu, ananyunyiza kila breka inapogusa. Vumbi la zege lina silika, na chembe zake ndogo kabisa zikijaa kwenye mapafu huleta silikosisi, ugonjwa ambao hauponi. Zege likishabomoka, nondo zinabaki kama wavu. Hizo zilikatwa mwishoni kwa grenda. Nguzo zilikuja baadaye, moja moja, zikilazwa ndani ya kiwanja kwa waya, watu wote wakiwa wamesogezwa mbali. Kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kiliingia kwa ajili ya jamvi, msingi na kupakia.

Zile nondo ni mali, msisahau. Chuma chakavu kinanunuliwa kwa kilo. Mwandikiane mapema ni za nani. Kwangu tuliandika kuwa ni za mkandarasi na bei ikashuka kwa kiasi hicho. Mkiacha bila kuandika, mtagombana getini na mwenye mzani.

Leo hapo Kimara kiwanja ni safi, msingi mpya umekwisha kumwagwa, na wale wale walioniambia mwanamke asijitie ujenzi wanakuja kuniomba namba ya mkandarasi. Ninawapa. Sina kinyongo cha kuwanyima, ingawa maneno yao sijayasahau.

Ila ndugu zangu, niseme na hili, na mnivumilie. Tuna tabia ya kuheshimu anayejenga na kumdharau anayebomoa, kana kwamba kubomoa kunahitaji misuli tu. Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa linajengwa mtaa wa Indira Gandhi hapa Dar es Salaam liliporomoka, likaua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 tukakesha tena kwa jengo lililoporomoka, safari hii Kariakoo. Yale hayakuwa mapagale ya kubomolewa, lakini tuliyoyaona yalitosha kutufundisha zege likiachia linaachia vipi. Halafu mtu yule yule aliyelia mbele ya televisheni anampandisha mtoto wa mwenzake juu ya slabu iliyooza, na ndala miguuni, na nyundo mkononi, ili aokoe pesa ya milango. Hapana. Kijana anayepanda pale kwako ana mama yake. Kama bajeti haitoshi kuvunja kwa usalama, subiri. Pagale limekaa miaka yote hiyo, litakaa na miezi mingine. Weka uzio, weka bango la hatari, zuia watoto wasichezee humo, kusanya pesa.

Narudi kwako wa Morogoro. Bei mbili ulizopewa hazilinganishwi mpaka ziwe za kazi ileile. Mwombe kila mmoja akuandikie: nani analeta mhandisi, nani anafuata kibali, anavunja kwa mpangilio gani, vifaa gani, wafanyakazi wake wana kinga na wameandikishwa kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi au hapana, jirani akipasukiwa ukuta analipa nani, na, nasema tena, kifusi kinakwenda wapi na kwa tipa ngapi. Wakiandika, utashangaa ile mara tatu itakavyopungua. Huenda ukakuta kampuni yenyewe inawaajiri vijana hao hao wa mtaani, wakiwa chini ya msimamizi, wamevaa buti.

Kabla nyundo ya kwanza haijapigwa, piga picha kuta za majirani wote wanaopakana nawe, nyufa zote zilizopo, mbele yao, na kila mmoja abaki na nakala kwenye simu yake. Malipo yagawe kwa hatua: kidogo vifaa vikifika, kingine slabu ikishashuka, kingine nguzo na msingi vikishatoka. Fungu la mwisho, na liwe fungu la maana, usilitoe mpaka tipa la mwisho limeondoka, njia imefagiliwa, na jirani mwenye bomba amefungua maji yakatoka.