Nimeingiza mabadiliko mapya, mbona programu imebaki ya zamani?

SWALI: Ndugu Mtaalamu, mimi huchora ramani za mialo ya Ilemela kwa programu ya QGIS, ambayo huijenga mwenyewe kutoka kwenye hazina ya msimbo (maandishi ya programu kabla hayajageuzwa kuwa programu inayotumika) ya watengenezaji. Ili kuokoa bando, rafiki yangu wa Nyegezi hupakua mabadiliko na kuniletea kwenye flashi. Wiki iliyopita umeme ulikatika usiku kucha. Uliporudi niliyaingiza, nikajenga na kusakinisha. Kazi inayonichukua zaidi ya saa nzima ilikwisha kwa dakika chache, ikatoa onyo kwamba baadhi ya faili zina tarehe ya wakati ujao, na sasa zana nyingi zinagoma zikilalamikia vitendaji (amri ndogo zilizoandikwa ndani ya programu) visivyokuwepo. Je, nifute kila kitu na kupakua upya?
Msomaji, Kirumba, Mwanza

JIBU: Usiifute hazina, kwa kuwa haina kosa, na kuipakua yote upya kutakula bando ulilokuwa ukiliokoa. Lile onyo ndilo lililobeba jibu: saa ya kompyuta yako imerudi nyuma, pengine miaka kadhaa. Kompyuta ya mezani hutunza saa kwa betri ndogo ya mviringo, ambayo mara nyingi ni CR2032 ya volti 3, na ikichakaa, kila umeme unapokatika tarehe hupotea. Kama ungepakua moja kwa moja kutoka intaneti, huenda ungegundua mapema, maana vyeti vya usalama vya tovuti hukataliwa tarehe ikikosewa sana. Flashi haiulizi tarehe.

Make, iliyobuniwa na Stuart Feldman mwaka 1976 na ambayo hadi leo hutumika kujengea programu nyingi, haisomi yaliyomo ndani ya faili ili kujua kilichobadilika, bali hulinganisha tarehe tu: faili la msimbo likiwa jipya kuliko zao lake, yaani faili lililojengwa kutokana nalo, hulijenga upya, likiwa la zamani, huliruka. Git nayo, programu inayotunza hazina ya msimbo na mabadiliko yake, inapoandika faili zilizobadilika, huacha kompyuta izipe tarehe ya wakati huo. Kwa hiyo msimbo wako mpya ulipewa tarehe ya kale, Make ikaona mazao ya mwezi uliopita ni mapya kuliko msimbo wenyewe, ikayaruka. Ila sehemu za QGIS zilizoandikwa kwa lugha ya Python hunakiliwa tu wakati wa kusakinisha, na hizo zikaingia zikiwa mpya. Sasa zinaita vitendaji ambavyo maktaba za zamani, zile zinazojengwa kutokana na msimbo wa lugha ya C++, hazina.

Badilisha betri na urekebishe saa kwanza. Hata hivyo, kurekebisha saa peke yake hakutoshi, kwa sababu faili zilizokwisha kupewa tarehe mbaya zitabaki nayo. Hivyo futa folda ya kujengea pekee, ambayo natumaini uliitenga na msimbo, kisha ujenge yote upya, tena siku ambayo umeme una dalili ya kutulia.

Mimi nisingeitegemea programu ya hazina ya maendeleo, yaani toleo ambalo bado linatengenezwa, kwa ramani za mteja. Isakinishe kwenye folda yake, toleo thabiti libaki pembeni, na kila mradi unaofungua humo uwe nakala, kwani ukihifadhiwa na toleo jipya, la zamani laweza lisiusome sawasawa.