Daftari la mama lisichomwe, na kwenye kioo lisiingie

*Shikamoo Shangazi. Mama yangu aliandika riwaya za kisayansi, za vyombo vya angani na watu wa sayari nyingine. Wa rika lako wengi wanamjua kwa jina. Ana miaka minne tangu atutoke, na sasa kituo kimoja cha utamaduni kimeniomba niandae maonyesho juu yake. Nilipofungua masanduku nilikuta miswada, barua za wasomaji, taipureta, na ile kanga aliyokuwa akiikunja mara nne na kuiweka chini ya taipureta ili tusiamke usiku. Nikakuta na daftari la siri. Ukurasa mmoja umeandikwa: "Mtoto amelia kutwa. Hata ukurasa mmoja haukutoka. Kuna siku natamani ningekuwa peke yangu." Kwa tarehe ile, mtoto huyo ni mimi. Kaka zangu wawili wanataka daftari lichomwe. Kituo wanalitaka katikati ya ukumbi. Mimi silali. Nifanyeje? – Kitindamimba, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Nawe pole, maana miaka minne kwa mtu aliyefiwa na mama ni kama juzi.

Jibu nakupa kwanza, maneno mengine yafuate. Daftari lisichomwe. Na kwenye kioo cha maonyesho lisiingie, angalau si safari hii.

Yale maneno ya mama nimeyasoma mara tatu. Wewe umeyasoma kama mtoto aliyekataliwa. Mimi niliyelea wanne huku natafuta riziki nimeyasoma kama ninavyomsikia mvuvi akirudi na ngalawa tupu: leo bahari imeninyima. Aliyekasirikiwa pale ni siku, si wewe. Na kesho yake aliandika nini? Hukuniambia, na nahisi hukufunua. Rudi ukafunue.

Yule Mmarekani Ursula K. Le Guin, mwandishi wa riwaya za kisayansi kama mama yako na mama wa watoto watatu, aliwahi kutaja kwenye mahojiano ratiba ya siku anayoipenda: kuamka saa 11:30 alfajiri, kubaki kitandani akiwaza, kisha kuandika kuanzia saa 1:15 asubuhi hadi saa 6 mchana. Ikishapita saa 2 usiku, alisema, akili yake haifai kitu. Hiyo ni ratiba ya mtu ambaye wanawe wamekwisha kukua. Walipokuwa wadogo aliandika usiku, wakishalala. Mama yako na kanga yake alikuwa kwenye zamu hiyohiyo.

Le Guin alifariki Januari 2018, huko Portland. Maonyesho makubwa juu yake, yaliyoandaliwa na mwanawe Theo, yalifunguliwa mjini humo mwaka 2025. Hesabu mwenyewe, miaka saba. Tena Theo amewahi kuendesha jumba la sanaa, kutundika vitu ukutani ni kazi anayoijua. Wewe umeitwa kwa sababu ya ubini wako. Kwa hiyo usiharakishwe: kituo wakikwambia tarehe haisogei kwa kuwa mgeni rasmi ameshaalikwa, waambie mgeni rasmi ana kalenda, atapata siku nyingine.

Lakini anayekufaa zaidi wewe ni Fay Ballard wa Uingereza. Baba yake, mwandishi J.G. Ballard, alifiwa na mke ghafla mwaka 1964 akalea watoto watatu peke yake katika nyumba ya kawaida kabisa huko Shepperton, nje ya London, na riwaya zake akaziandikia humohumo. Alipofariki mwaka 2009 nyumba ikabidi ihamishwe vitu. Fay ni mchoraji. Akavichora vitu vya nyumba ile, na mwaka 2014 michoro hiyo ikaonyeshwa London. Miswada ya mzee ilikuwa imeshakwenda Maktaba ya Uingereza tangu 2010. Mgawanyo huo ndio nilioupenda. Karatasi za mwandishi zilipata kwao, na yaliyokuwa kati ya baba na binti yakapata kwao pengine, kwa mkono wa binti. Wewe unalazimishwa kuyamwaga yote kwenye ukumbi mmoja.

Sasa kaka zako. Usiwacheke, wanaogopa watu watasema mama hakuwapenda wanawe. Ila daftari ni mirathi ya wote, hakuna wa kuwasha kiberiti peke yake, kama ambavyo wewe huna ruhusa ya kuligawa peke yako. Kwa sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya 1999, maneno ya mama ni mali ya warithi kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Kaeni watatu, mkubaliane liende kwenye hifadhi ya nyaraka likiwa limefungwa, kwa sharti la maandishi: lisifunguliwe mpaka baada ya miaka 30, au mpaka nyote mtakapokuwa hampo. Hifadhi nyingi hupokea vitu kwa masharti ya namna hiyo. Atakayelisoma siku hiyo hatakuwa na kidonda.

Kituo watakubembeleza. Watasema wageni watalia. Ndiyo, ndicho wanachokitaka.

Wape vingine. Ile miswada yenye mistari iliyokatwa na kuandikwa upya, barua za wasomaji (uliza ruhusa, au ficha majina). Mkifika huko, ukumbini wekeni nakala na asili zikae ndani. Karatasi haipendi mwanga. Wataalamu hawazidishi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), nanyi huko pwani mna unyevu na chumvi juu yake. Selotepu isiguse kitu. Maelezo ya vitabu aandike mtu ambaye si mwanawe. Wewe andika kadi moja tu.

Kadi hiyo ni ya taipureta na kanga, na hivyo ndivyo vikae katikati ya ukumbi. Mtu aliyetamani kuwa peke yake alikunja kanga mara nne kila usiku ili usiamke, nawe umenitajia jambo hilo kama unanitajia kikombe. Tena hukuniambia ina jina gani. Ikunjue ulisome, kisha uirudishe kwenye mikunjo yake ileile. Huenda utaona vishimo vinne, pale miguu ya taipureta ilipokandamiza. Usiifue.